Rekodi Isikae Wazi: Fomu za Kanzidata kwa Ofisi ya Watu Wengi

Vyama vingi vya akiba na mikopo, zahanati na shule hutunza kumbukumbu zao katika faili la Microsoft Access lililowekwa kwenye folda ya pamoja. Karani wa mapokezi anaandikisha wanachama, wawili dirishani wanapokea akiba na marejesho, mhasibu chumba cha pili anachapisha taarifa ya mwezi, na wote wanne wanagusa faili lile lile kwa wakati mmoja. Access imekuwapo tangu mwaka 1992 na kazi hii inaiweza. Tatizo huanzia kwenye fomu, kwa sababu mara nyingi ilichorwa na mtu mmoja, akaijaribu peke yake kwenye kompyuta yake, kisha ikakabidhiwa watu wanne.

Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo moja. Rekodi mpya ina kipindi cha hatari, nacho ni kuanzia karani anapoandika herufi ya kwanza hadi rekodi inapohifadhiwa. Katika kipindi hicho rekodi iko kwenye kompyuta yake tu. Wenzake hawaioni. Umeme ukikatika inapotea. Namba aliyodhani ni yake inaweza kuchukuliwa na mwenzake wa dirisha la pili. Fomu iliyofikiriwa vizuri hukifupisha kipindi hicho, na fomu mbaya humlazimu karani kuiacha rekodi wazi huku mteja akienda kupiga picha ya pasipoti mtaa wa pili. Rekodi pacha, namba zinazogongana na ugomvi wa nani kafuta nini huzaliwa humo.

Nitatumia mfano wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS) kwa kuwa kazi yake ina sura zote za tatizo hili: kuandikisha watu, kupokea fedha na kutoa mikopo. Ukiweka mgonjwa au mwanafunzi mahali pa mwanachama, ushauri haubadiliki.

Kabla ya kuchora fomu yoyote, gawa faili. Majedwali yenye data yakae katika faili moja kwenye kompyuta inayotumika kama seva. Fomu na ripoti zikae katika faili la pili, na kila karani awe na nakala yake ya faili hilo ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Access ina chombo cha kufanya mgawo huo, Database Splitter, na hakichukui muda. Faida yake utaiona siku fomu ya mmoja itakapogoma: utampa nakala mpya, na wenzake hawatajua hata kama kulikuwa na shida, maana data haikuguswa. Watu wanne wakifungua fomu kutoka faili moja la pamoja, likiharibika kwa mmoja limeharibika kwa wote.

Mtu anapokuwa ndani ya kanzidata, kando ya faili la data hutokea faili dogo lenye mwisho wa .laccdb. Humo Access huandika nani yumo na nani ameshika nini, na wa mwisho akitoka faili hilo hufutika. Kwa hiyo ruhusa ya karani kusoma na kuandika faili la data pekee haitoshi. Anahitaji pia ruhusa ya kuunda na kufuta mafaili katika folda ile. Fundi akilisahau hili, wa kwanza kuingia asubuhi anaishika kanzidata peke yake na wengine wanakataliwa, kisha lawama inaangukia programu.

Tumia kebo, usitumie Wi-Fi. Access huandika moja kwa moja ndani ya faili lililo kwenye kompyuta nyingine, na muunganisho ukikatika katikati ya maandishi faili linaweza kuharibika. Wala usiliweke faili la data linalotumika ndani ya OneDrive, Google Drive au Dropbox. Huduma hizo husawazisha faili zima. Watu wawili wakilibadilisha, zinatengeneza matoleo mawili, kila moja likiwa na nusu ya stakabadhi za siku. Kuyaunganisha baadaye ni kazi ya mkono, mstari kwa mstari.

Sasa fomu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni fomu moja kubwa inayofanya kila kitu: kutazama, kutafuta, kurekebisha na kuongeza. Fomu ya namna hiyo ikifunguliwa huonyesha rekodi ya kwanza ya jedwali, yaani mwanachama wa zamani kuliko wote. Karani mwenye haraka anaona fomu mbele yake, anaanza kuandika jina la mteja aliyesimama dirishani, na mwanachama wa kwanza wa chama anageuka kuwa mtu mwingine. Access haitalalamika, kwa kuwa kubadilisha jina ni jambo halali.

Tengeneza fomu mbili. Ya kwanza ni ya kuongeza tu. Katika sifa zake, weka Data Entry iwe Yes, nayo itafunguka ikiwa tupu na kuonyesha rekodi zilizoongezwa tangu ilipofunguliwa, basi. Ya pili ni ya kutafuta na kurekebisha. Izuie kuongeza, na ikiwezekana ifunguke bila kuruhusu mabadiliko hadi karani abofye kitufe cha Rekebisha. Mtandao nao unapumua, kwa sababu fomu ya kuongeza haina haja ya kuburura maelfu ya rekodi za zamani ili kuonyesha ukurasa mtupu. Zipe rangi au vichwa tofauti, vikubwa, ili mtu ajue yuko wapi kabla hajagusa kibodi.

Kabla ya hizo mbili weka hatua ya kutafuta. Kitufe cha Mwanachama Mpya kisifungue fomu tupu papo hapo. Kiulize kwanza namba ya simu au ya kitambulisho, kiitafute, na kikimpata mtu kimwonyeshe. Utafutaji huo uende kwenye jedwali lenyewe wakati ule ule, usitegemee orodha iliyokwisha kupakiwa. Orodha ya kuchagua majina iliyojazwa saa mbili asubuhi, fomu ilipofunguliwa, haina mwanachama aliyeandikishwa saa nne kwenye kompyuta nyingine. Karani anamtafuta, hamwoni, anasema "hayupo", anamwandikisha upya. Hapo mtu mmoja amepata namba mbili, akiba yake iko huku na mkopo wake uko kule. Dawa ni kuiamuru orodha ijisome upya kila kishale kinapoingia ndani yake. Ni amri moja fupi. Kumbuka pia kwamba katika Access kuna kuburudisha na kuna kusoma upya. Kuburudisha hukuletea mabadiliko ya rekodi ulizonazo, lakini rekodi mpya za wenzako hazitaonekana mpaka fomu isome upya.

Kuhusu vitu vya kuweka ndani ya fomu, kanuni yangu ni kwamba fomu ya kuongeza iulize yale tu ambayo mteja anayo mkononi akiwa amesimama pale. Jina, simu, kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kiingilio alicholipa. Picha, barua ya mwajiri, majina ya warithi na sahihi za wadhamini vijazwe baadaye kupitia fomu ya kurekebisha. Ukivifanya vya lazima mwanzoni, karani atabaki na rekodi iliyofunguka nusu saa nzima, au ataandika nukta ili fomu imruhusu kupita, na kanzidata iliyojaa nukta ni shida kuisafisha. Sheria nazo ziko upande huu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi zinazohitajika. Kama hakuna ripoti wala uamuzi unaotumia dini au kabila la mwanachama, kisanduku hicho kitoke.

Mpangilio wa visanduku ufuate karatasi ambayo karani anaisoma, juu kwenda chini, na kitufe cha Tab kipite kwa mfuatano huo huo. Kisha tazama kinachotokea Tab ikibonyezwa kwenye kisanduku cha mwisho. Isipobadilishwa, Access huruka kwenda rekodi nyingine, na karani asiyetazama skrini huendelea kuandika mahali pasipo pake. Sifa inayoitwa Cycle ibadilishwe iwe Current Record ili Tab izunguke ndani ya rekodi ile ile hadi mwenyewe aamue kuhifadhi.

Majina yanastahili uangalifu. Kisanduku kimoja cha "jina kamili" hukubali kila kitu, na ndiyo maana kesho hutampata mtu: mmoja ameanza na jina la ukoo, mwingine ameweka Bi mbele, wa tatu ameacha jina la babu. Weka visanduku vitatu, jina lake, la baba na la babu au ukoo, na cha tatu kisiwe cha lazima, kwani wako watu wenye majina mawili tu.

Simu na vitambulisho ni maandishi, hata kama vinaonekana kama namba. Ukiipa safu ya simu aina ya namba, sifuri ya mwanzo inatoweka. Na mtu akiandika kwa kuanza na 255 au 254, tarakimu 12 hazitoshei katika aina ya kawaida ya namba nzima, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Ukiihifadhi kama namba yenye desimali, usahihi unaishia karibu na tarakimu ya 15 na zinazofuata zinapotea bila onyo lolote. Na kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka, fomu inaweza kujaza tarehe yenyewe na karani akahakikisha tu. Hicho ni kisanduku kimoja kimepungua kwenye kuandika, na kosa moja limezibwa.

Tarehe ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote katika ofisi yenye kompyuta kadhaa. Access haitunzi tarehe kama ulivyoiandika. Inatunza hesabu ya siku tangu 30 Desemba 1899, na inayoamua 04/05 ni siku gani ni mpangilio wa Windows wa kompyuta iliyo mbele ya karani. Kompyuta moja ikiwa na mpangilio wa Marekani na nyingine wa Uingereza, makarani wawili wanaoandika 04/05/2025 wamehifadhi siku mbili tofauti, Aprili 5 na Mei 4. Linaloongeza ubaya ni kwamba kompyuta ya mpangilio wa Marekani ikiandikiwa 13/05/2025 haikatai. Inaona hakuna mwezi wa 13, inageuza yenyewe, na tarehe inatoka sahihi. Kwa hiyo tarehe za siku 1 hadi 12 za mwezi zinakosewa na zilizobaki ziko sawa, na mtu anayekagua kwa kuchungulia rekodi chache anaridhika. Pitia kila kompyuta, uweke mpangilio mmoja. Kisha ifanye fomu ionyeshe mwezi kwa jina mara tu karani anapotoka kwenye kisanduku, 04-Mei-2025, ili macho yashike kosa. Mwaka uandikwe kwa tarakimu nne daima. Katika mpangilio uliozoeleka kwa miaka mingi wa Windows, 29 husomwa 2029 na 30 husomwa 1930. Mkopo unaoisha mwaka 2030 ukiandikwa kwa tarakimu mbili unaweza kuonekana umechelewa kwa karne nzima.

Vitu vyenye majibu machache, kama tawi, aina ya akiba au njia ya malipo, vichaguliwe kwenye orodha, na sifa ya Limit To List iwe Yes. Ukiruhusu watu waandike, utapata M-Pesa, Mpesa na M PESA, na ripoti itazihesabu kama njia tatu.

Tarehe ya leo na jina la tawi vijijaze vyenyewe, ila angalia namna unavyovijaza. Tumia sifa ya Default Value. Usiandike msimbo unaovijaza fomu inapofika kwenye rekodi mpya. Tofauti yake ni kubwa: thamani ya Default Value inaonekana bila rekodi kuanza, lakini msimbo unaoandika ndani ya kisanduku unaianzisha rekodi hata kama karani alifungua fomu kwa kuchungulia tu. Akifunga, inahifadhiwa rekodi isiyo na jina, yenye tarehe na tawi. Ukikuta jedwali lina rekodi tupu za namna hiyo, anza kutafuta hapo.

Nije kwenye namba, mahali ambapo ofisi za watu wengi huumia zaidi. Access ina AutoNumber, inayotoa namba yenyewe. Kwa ufunguo wa ndani wa jedwali ni nzuri na sikushauri uiache. Lakini hutolewa pale herufi ya kwanza inapoandikwa. Karani akibadili mawazo na kubonyeza Esc, namba ile imekwenda na hairudi. Ukiitumia kama namba ya stakabadhi, kitabu kitakuwa na mapengo, na mkaguzi ana haki ya kuuliza stakabadhi ya 1047 iko wapi na fedha zake ziko wapi. Kwa hiyo watu huandika msimbo wao: tafuta namba kubwa iliyopo, ongeza moja. Wazo ni sahihi, ila mara nyingi linawekwa kwenye tukio la Before Insert, ambalo hutokea kwenye herufi ya kwanza kabisa. Karani wa dirisha la kwanza anaanza saa 4:10, anapata 1048. Wa pili anaanza saa 4:11, wa kwanza hajahifadhi, kubwa iliyopo bado ni 1047, naye anapata 1048. Stakabadhi mbili zimechapishwa, watu wawili wamekwenda nazo nyumbani.

Msimbo huo uhamishie kwenye Before Update, tukio linalotokea sekunde ile rekodi inapokwenda kuhifadhiwa, na uulize kwanza kama rekodi ni mpya ili usibadilishe namba ya zamani. Kipindi cha kugongana kimetoka dakika kadhaa kikawa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini sehemu ndogo ya sekunde bado ni muda, kwa hiyo safu ya namba iwe na faharasa isiyoruhusu kurudia. Wakigongana kweli, Access itamkatalia wa pili kwa kosa namba 3022; fomu ilidake kosa hilo, itafute namba upya na ijaribu tena, karani asijue kilichotokea. Faharasa hiyo ndiyo mlinzi wa kweli, kwa sababu iko kwenye jedwali na haimjali aliyeandika kupitia fomu, kupitia jedwali lenyewe, au kwa kuleta data kutoka Excel. Ofisi inayoweza kuchagua kimoja tu kati ya msimbo na faharasa, ichague faharasa.

Kuna gharama moja: kisanduku cha namba kitakuwa kitupu hadi rekodi ihifadhiwe, na makarani waliozoea kuiona mapema watalalamika. Simama imara. Mwanachama asisomewe namba, na stakabadhi isichapishwe, kabla ya kuhifadhi. Kitufe cha Chapisha kihifadhi rekodi kwanza, kisha kichapishe.

Sasa kufuli. Access hukupa namna tatu za kuwazuia wawili wasibadilishe rekodi moja: No Locks, Edited Record na All Records. Ya tatu iache, kwani inawafungia wote jedwali zima. Ya pili humzuia mwingine pale wa kwanza anapoanza kuandika. Inafaa kwa fomu ya kurekebisha mkopo, mradi karani asiende chakula cha mchana akiwa ameiacha rekodi katikati. Ya kwanza huwaruhusu wote, halafu wa pili kuhifadhi anapata ujumbe wa Write Conflict wenye vitufe vitatu: hifadhi yangu, nakili kando, au achana na yangu. Mafunzo ya makarani yasiishie kwenye kuandika. Yaeleze vitufe hivi. Asiyeelewa atabonyeza cha kwanza, na cha kwanza kinafuta kazi ya mwenzake.

Kwa fomu ya kuongeza, kufuli hazina kazi kubwa, kwa sababu watu wawili wanaoongeza rekodi mbili tofauti hawagombanii kitu. Na hapa kuna uamuzi wa usanifu ambao ningeupigania katika ofisi yoyote ya fedha: panga kazi ili watu waongeze rekodi badala ya kubadilisha za zamani. Chukua salio. Kuna kanzidata zenye safu ya salio kwenye jedwali la wanachama, na kila anayepokea fedha anaibadilisha. Mwanachama ana 200,000. Dirisha la kwanza linapokea akiba yake ya 50,000, linaandika 250,000. Wakati huo huo dirisha la pili, lililofungua rekodi ile ile likaona 200,000, linampa mume wake mwenye barua ya idhini 30,000 na kuandika 170,000. Likibonyeza hifadhi yangu, salio ni 170,000 na 50,000 zimepotea kwenye vitabu. Salio halisi ni 220,000. Kama kila tukio lingekuwa mstari mpya katika jedwali la miamala, kuweka 50,000 na kutoa 30,000, mistari yote miwili ingeingia bila kugusana, na salio lingekuwa jumla inayokokotolewa kila linapohitajika. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha mfumo wa majedwali ambao kanzidata hizi zimejengwa juu yake, na moja ya faida zake kubwa ni hiyo: jambo moja liandikwe mahali pamoja, mengine yakokotolewe kutoka hapo. Kosa la muamala nalo lisahihishwe kwa mstari mpya wa kurudisha. Mstari wa zamani usifutwe.

Fomu yenye fomu ndogo ndani yake ina mtego wake. Mkopo una kichwa, yaani mwombaji, kiasi na muda, na chini yake kuna orodha ya wadhamini. Karani akitoka kwenye kichwa kuingia kwenye orodha, Access huhifadhi kichwa hapo hapo, apende asipende. Akiondoka kabla ya kuweka wadhamini, kuna mkopo usio na wadhamini, na mhasibu wa chumba cha pili ameshauona kwenye ripoti yake. Usipigane na tabia hiyo. Ongeza safu ya hali: mkopo uzaliwe ukiwa Rasimu, na kitufe cha Kamilisha kihakikishe wadhamini wapo kabla ya kuugeuza kuwa Umekamilika. Ripoti zote zisome zilizokamilika tu. Kila asubuhi mtu mmoja atazame rasimu zilizolala.

Masharti mengine, kama kiasi kisiwe chini ya sifuri au tarehe ya kuzaliwa isiwe kesho, yawekwe kwenye jedwali, na fomu iyarudie kwa maneno ambayo mtu anayaelewa. "Tarehe hii bado haijafika, tafadhali itazame tena" inamsaidia karani. Ujumbe wa Kiingereza wenye jina la safu haumsaidii.

Kuhifadhi kwenyewe kuwe kwa wazi. Upande wa kushoto wa fomu Access huonyesha penseli ndogo rekodi inapokuwa haijahifadhiwa. Usiifiche, na wafundishe watu kuitazama. Shift na Enter huhifadhi papo hapo, Esc mara moja hufuta ulichoandika kwenye kisanduku, mara mbili hufuta yote ya rekodi ile. Weka na vitufe viwili vikubwa, Hifadhi na Ghairi. Kitufe cha Funga kinahitaji tahadhari ya pekee: kikijengwa kwa amri ya kawaida ya kufunga, na rekodi ina kisanduku cha lazima kilicho kitupu, Access inaweza kuifunga fomu na kuitupa rekodi bila kusema neno. Msimbo wa kitufe hicho uhifadhi kwanza, na ukishindwa fomu ibaki wazi.

Kwa umeme wetu, nunua betri ya akiba, yaani UPS, kwa kompyuta yenye faili la data, na swichi ya mtandao iunganishwe humo humo. Ofisi nyingi huilinda kompyuta na kuisahau swichi. Umeme ukikatika, kompyuta ya data iko hai lakini makarani wote wamekatwa katikati ya maandishi.

Kila jedwali liwe na safu nne zinazojijaza: aliyeongeza, alipoongeza, aliyerekebisha, aliporekebisha. Karani asiziandike na asiweze kuzigusa. Zitamaliza mabishano mengi kabla hayajaanza. Lakini tambua kwamba yeyote anayeweza kufungua faili la data kwenye folda ya pamoja anaweza pia kulinakili lote kwenye flashi, kwa hiyo kama mna taarifa nyeti sana au watumiaji wanaongezeka, hamishieni majedwali kwenye SQL Server Express au PostgreSQL na fomu zenu za Access zibaki kama zilivyo. Kikomo cha faili la Access ni GB 2 na watumiaji 255 kwa wakati mmoja. Kikomo cha pili ni cha kwenye karatasi. Watu ishirini wanaoandika kutwa nzima wanatosha kunifanya nitafute seva.

Nakala rudufu ichukuliwe kila jioni baada ya wote kutoka. Njia ya kujua wametoka ni kutazama kama faili la .laccdb limetoweka. Likiwapo bado, huenda mtu ameacha kompyuta wazi. Ukilinakili faili la data likiwa linatumika, unaweza kupata nakala isiyofunguka, na utaligundua hilo siku unapoihitaji. Mara moja kwa mwezi, baada ya nakala, endesha Compact and Repair.

Kabla ya kuikabidhi fomu, ijaribu na watu wawili juu ya nakala ya data. Wakae kwenye kompyuta mbili, wahesabu moja mbili tatu, wahifadhi stakabadhi kwa pamoja, mara nyingi, kisha mtazame namba. Mmoja aanze rekodi aiache wazi huku mwingine akimtafuta mwanachama yule yule. Chomoa kebo ya mmoja katikati ya kuandika, uone kimebaki nini. Mpe fomu karani mgeni kabisa, bila maelezo, umpime kwa saa tangu herufi ya kwanza hadi penseli itoweke. Anapokwama, usimweleze, andika kisanduku alichokwamia, ukakirekebishe, kisha mpe mgeni mwingine.

Wiki mbili za mwanzo kitabu cha stakabadhi cha karatasi kiendelee sambamba, na jioni mhasibu alinganishe jumla mbili. Zikitofautiana, tofauti itafutwe siku hiyo hiyo, wakati makarani bado wanakumbuka nani alikuja dirishani.